Valvu za Pampu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Neema imeshuka! Pampu ya maji ya mama mkwe imegoma, sasa wataona ufundi wangu. Ukivuta kamba ya injini yake inakuja laini, haina nguvu. Mke wangu akasema tumwite kaka yake, Spana, fundi wa injini ndogo. Thubutu! Spana anayeniita Fundi Maneno mbele za watu? Nimemwahidi mama mkwe maji kabla ya Ijumaa kwisha. Akasema sawa, baba, ila miche yake ya nyanya imeanza kulegea, na ikifa hatutaelewana.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua injini. Valvu mbili, na viti vyake vya chuma vimeliwa. Nguvu inavujia hapo. Tiba ni kusaga: unapaka dawa ya kusagia, unaikalisha valvu kitini, unaizungusha kwa viganja mpaka vishikane. Lakini dawa anauza Spana peke yake. Bora nife! Nimechanganya grisi na mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Nimesaga kutwa. Viti vinang'aa, raha tupu! Mke wangu analalamika chai ina changarawe. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Nikafunga injini, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, shati likachanika kwapani. Kimya! Mama mkwe akapita na ndoo kichwani, akaenda kuimwagilia miche kwa kikombe. Iliniuma kuliko matusi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwendea Spana kijanja. Nikasema kuna rafiki yangu, bwege mmoja, amesaga valvu na injini haiwaki. Akauliza kasaga sana? Nikasema sana, kwa moyo wote. Akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Ukisaga mno, akasema, valvu inazama kitini, mkia wake unagota chini kwenye kisukumio, kile chuma kinachoiinua, basi haifungi tena. Huyo bwege aoshe mchanga wote kwa petroli, apige mkia tupa kidogo kidogo mpaka wembe upite kati ya mkia na kisukumio. Akanipa wembe na kopo la dawa, bure, nimpelekee rafiki. Na rafiki, akasema, amrudishie dada yangu chujio. Mke wangu huyu hana siri!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeosha mchanga, nimepiga mikia tupa mpaka wembe ukapita. Imewaka! Kamba mara moja tu, ikanguruma! Maji yakamlowesha mama mkwe kuanzia kilemba mpaka viatu, naye anapiga vigelegele. Akaniita fundi, fundi kamili, mbele ya Spana! Nikainamisha kichwa, nikasema ni kipaji tu. Spana akakohoa. Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi, 9 Machi
Miche imesimama wima. Spana ameacha pikipiki yake uani, yuko bustanini na mama yake. Nilivyoisikia ikiingia, valvu zake zinalia. Wema haulipwi kwa maneno, nimeshaifungua. Kopo lake la dawa silitumii, ya nini kuliharibu? Mchanga upo tele. Na chujio nimeona mke wangu alipolificha.