Machozi ya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Barua pepe ya ubalozi imeingia. Nieleze kidogo. Zamani ombi la visa ya ndoa lilikuwa bahasha: unakwenda Pretoria, unapanga foleni, karani anakutazama usoni, anagonga mhuri. Siku hizi karani hakuna. Kuna tovuti. Unapakia hati, mashine inazikagua, kisha afisa usiyemwona anakuandikia. Wangu ameandika: katika picha zote kumi na mbili za harusi, bibi harusi analia au ameinamisha kichwa. Nithibitishe kwamba Orpha aliolewa kwa hiari yake. Nina siku kumi na nne.

Kwa hiari! Miaka thelathini na sita ya ndoa! Kwetu Uvira bibi harusi akicheka, watu husema amemchoka mama yake. Orpha alilia vizuri sana siku ile. Shangazi zake walimsifu mwaka mzima.

Sasa yuko kwenye nchi ya theluji na binti yetu Jocelyne, mwaka wa tano, nami naomba kumfuata. Mimi niko huku Doornfontein, mwendo mfupi kutoka Pretoria, na sufuria moja.

Jumanne, 4 Machi

Ruphin, kinyozi wa chini ya jengo letu, amepata barua ileile. Mkewe naye alilia. Akaja kuniuliza, Mwalimu, wewe umesoma, tuwajibu nini? Nikamweleza kwa saa nzima: heshima kwa wazazi, uchungu wa kuagwa, kazi ya shangazi. Akaandika kila neno nyuma ya kalenda ya kanisa. Eti atawatumia hayo hayo! Nilicheka hadi nikakohoa. Mashine haisomi desturi. Mashine inatazama meno.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umeiva. Jacques ana studio ya picha kule Jeppestown, na kompyuta. Nimempelekea picha moja ya harusi, na ile Orpha aliyonitumia Krismasi: koti jekundu, anacheka. Atoe kicheko huku, akiweke kule. Jacques akauliza, Papa, una hakika? Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini.

Matokeo: msichana wa miaka ishirini mwenye mdomo wa bibi wa miaka hamsini na sita. Nimepakia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Orpha kumpa habari njema. Aliniuliza ni picha ipi, nikamweleza. Kisha akasema, Baba Jocelyne, siku ile nililia kweli, kwa nini unanichekesha? Simu ikakatika. Mtandao, bila shaka.

Jumatatu, 17 Machi

Ombi limekataliwa. Picha imechezewa, wanasema. Jino la dhahabu! Orpha alilitia miaka ishirini baada ya harusi. Mimi mwenyewe nilimsindikiza kwa daktari.

Mchana Ruphin akaja na soda mbili. Visa yake imetoka. Afisa amemshukuru kwa maelezo yaliyo wazi. Ruphin akanishika mikono yote miwili, akasema yale maneno yote ni yako, Mwalimu, mimi nilinakili tu. Eish. Soda ilikuwa ya moto.

Jumapili, 23 Machi

Ruphin alisafiri jana. Ameniachia sufuria yake. Sasa ninazo mbili, na bado napika ya mtu mmoja.

Rufaa inaruhusiwa, siku thelathini. Kabla ya kuondoka alinisihi: tuma picha za kweli, Mzee, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Maskini Ruphin. Amebahatika mara moja, tayari ni mshauri.

Nimeyasoma masharti mara tatu. Rufaa inataka ushahidi kwamba kutengana kunatuumiza. Nikazipitia picha zote za Orpha za kule ugenini. Jikoni, kanisani, kwenye theluji. Katika kila moja anatabasamu. Najua ni kwa ajili yangu, nisihuzunike. Lakini mashine haijui hilo.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Jacques. Machozi mawili yanatosha. Yakiwa matatu watashuku.