Paa la Karatasi

Jumanne, 6 Aprili 1999

Mke wangu Twaiba amerudi kwao Kombani. Mvua ya juzi ilimkuta kitandani. Kasema harudi mpaka paa liache kuvuja. Kaka yake Waziri, fundi wa makuti, kajitolea kuezeka. Nimekataa. Akipanda paa langu leo, atanisimanga mpaka kiama.

Tena nina siri. Nilikuwa napalilia maua hotelini Diani, mgeni mmoja, daktari wa kemia, si wa sindano, akaniambia kwamba ndani ya karatasi mna nyuzi zisizoonekana kwa macho, na kwa uzito ule ule zinakishinda chuma kwa nguvu. Kuzitoa, karatasi inatiwa asidi na kupigwa sana. Aliendelea kueleza, lakini mimi nilikuwa nimekwisha elewa.

Alhamisi, 8 Aprili

Stakabadhi kuukuu za hoteli, za manjano, gunia zima. Asidi? Ndimu zipo! Nimeloweka kwenye pipa, nimetwanga kwa kinu cha Twaiba. Uji mlaini ajabu. Mabega hayana hali.

Jumamosi, 10 Aprili

Balaa! Mama mkwe, Bi Mwanapili, kaja kuchukua nguo za Twaiba. Shikamoo, marahaba, macho pipani. Kaona maji ya manjano na maandishi yanaelea. Kadhani ni kombe, maandishi ya dawa yaliyooshwa ili yanywewe, kwamba namvuta bintiye kwa dawa! Nikaapa kuwa ni ya paa.

"Tangu lini paa likanywa kombe?"

Kabeba nguo zote. Nyumba imekuwa kubwa, sina wa kusema naye.

Jumatatu, 12 Aprili

Alhamdulillahi! Ubao niliouumba kwa ule uji umekauka. Nimesimama juu yake, haukupinda. Nimeziba tundu juu ya kitanda, nimempelekea Twaiba salamu. Waziri kapita, kauliza kama mvua nayo nimeipelekea salamu. Kijicho tu.

Jumatano, 14 Aprili

Twaiba alikuja jana. Alfajiri mvua nayo ikaja. Ubao ukanywa, ukavimba, ukamwangukia kifuani, pwata! Alijipangusa uji usoni.

"Sefu, si ungemwita kaka yangu tu?"

Kavaa buibui, kaondoka. Nimemfuata mpaka njiani nikimwomba radhi.

Ijumaa, 16 Aprili

Waziri kaezeka. Kila kuti na neno lake. Nimemrushia makuti tu. Twaiba karudi, kapika, hata kacheka. Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka. Nimemwapia kwamba karatasi na paa langu, basi.

Kosa nimelijua. Karatasi inapenda maji mno; kuiweka juu ya paa ni kuionea. Mahali pake ni baharini! Nimeleta magunia manne. Nitaunda mtumbwi wa watu wawili. Twaiba hajui kuogelea, lakini kwa nyuzi zile, ya nini kuogelea?