Naomba Queenie Tattersall Afe Mapema, Asingoje Krismasi

Burnley, kaskazini mwa Uingereza, Alhamisi jioni

Kwa Mtayarishaji Mkuu wa tamthilia ya Mtaa wa Fenner,

Ndugu Mtayarishaji,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua inaendelea na kazi yake kama kawaida. Mimi na mke wangu Beryl tumekuwa watazamaji wenu tangu mwanzo, enzi zile mtu akifunga mlango kwa hasira ukuta mzima wa nyumba ulitikisika. Hatukulalamika. Baa yenu imeungua hata hatukumbuki mara ngapi, winchi imeangukia duka la maua siku ya harusi, na yupo mzee mmoja aliyeoa dada wawili wa tumbo moja na bado anakaribishwa chai kila nyumba. Hatukulalamika. Lakini hili la Bi. Queenie Tattersall kupata ugonjwa wa kusahau, maji yamenifika shingoni. Mke wangu anaugua ugonjwa huohuo, huu ni mwaka wa tatu. Kwa hiyo siandiki kwa kubahatisha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ugonjwa wa Bi. Queenie una adabu kupita kiasi. Jumatatu anamsahau mwanawe wa kumzaa. Jumatano, matangazo yakikaribia, anakumbuka baba halisi wa mtoto huyo ni nani, anakumbuka na rangi ya gari lake. Beryl amesahau mengi kuliko yeye, na nyumba hii haijapata siri hata moja. Nimengoja. Siku moja nikamsaidia kidogo, nikamuuliza, "Mama, hakuna jambo unataka kuniambia? Labda Gaynor si wangu?" Akaniuliza, "Gaynor ndiye nani?" Gaynor ni binti yetu, na alikuwa amekaa hapo hapo anamenya viazi. Gaynor akasema, "Asante sana, baba." Nalaumu waandishi wenu kwa kunitia tamaa.

2. Suala la nguo. Bi. Queenie akizidiwa, sweta lake linafungwa kifungo kisichokuwa chake. Basi. Hapo ndipo sisi watazamaji tunatakiwa tutoe leso. Nywele zimetengenezwa, shanga zipo shingoni, na katika ugonjwa wote huo hajaenda msalani hata mara moja, wala hatujaona mtu anafua shuka. Mashine yetu ya kufulia inanguruma asubuhi mpaka jioni. Naomba kujua mgonjwa wa aina yenu anapatikana wapi, na kama anaweza kubadilishwa.

3. Kabla hajaugua, huyu mama alifanya nini? Miaka yote hiyo alikaa kwenye pembe ya baa na glasi yake, akifuma soksi isiyokwisha, akisema, "Mimi simo, lakini..." Watu husema penye wazee haliharibiki neno. Kwenu penye wazee hakuna neno kabisa. Mzee wa Mtaa wa Fenner ana kazi tatu: kumimina chai, kuropoka jambo la aibu kwenye harusi, na kuanguka ngazini. Hakuna aliyepita sabini anayependa mtu, anayegombania uzio na jirani au anayekamatwa na polisi. Jirani yangu Harold Pickup amefanya yote matatu mwaka huu, tena polisi walikuja kwa sababu ya uzio. Lakini kwa kuwa akili yake ni timamu, kwenu hana hadithi. Bi. Queenie alipopoteza akili ndipo kamera ikakumbuka kwamba ana uso.

4. Bi. Queenie alipopotea mara ya kwanza, mtaa wote ulitoka na tochi, hata wale walioapa kutosemeshana mpaka kaburini. Wakamkuta kwenye kile kibanda cha bendi bustanini, mahali alipobusiwa mara ya kwanza akiwa msichana. Muziki ukapigwa. Beryl alipopotea nilitafuta peke yangu, na Bi. Clegg wa nyumba ya pili alifungua pazia, akaniona, akalifunga. Nilimkuta kwenye duka la mazulia karibu na mzunguko wa magari. Hatujawahi kubusiana kwenye duka la mazulia. Hatujawahi hata kununua zulia pale, ni ghali.

5. Kila kipindi kikiisha mnaweka namba ya simu, mnasema kama umeguswa na yaliyoonyeshwa, piga. Niliguswa, nikapiga. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamwambia nimeguswa. Akasema, "Pole, mpenzi wangu. Umeguswa na Queenie au na bomba la gesi kulipuka?" Nikasema Queenie. Kumbe na yeye hajalala vizuri tangu Jumatatu. Akaanza kunieleza jinsi Queenie anavyomkumbusha nyanya yake, akalia, nikambembeleza, nikamwambia akanywe kitu cha moto. Nilipokata simu nikagundua hatukufika kwenye habari za Beryl.

6. Sasa nakuja kwenye la jana, ambalo ndilo lililonikalisha mezani. Jana, Jumatano, mlimtoa Bi. Queenie nje na gauni la kulalia, kwenye theluji, mkamwacha amesimama kwenye daraja, halafu mkaenda zenu mpaka Ijumaa. Sisi wenye akili zetu tunajua kwamba huyo mama alipewa koti na chai mara tu kamera ilipozimwa. Beryl hajui. Alisimama, akavaa koti lake juu ya aproni, akaniambia, "Kuna mama wa watu yuko nje kwenye baridi na wewe umekaa tu. Una moyo gani?" Mke wangu hajakubali kutoka nje tangu kiangazi. Gaynor alimbembeleza, nesi alimbembeleza, pasta akaleta keki. Jana alitoka mwenyewe, na mimi nyuma yake na mwavuli.

Kwenu ilikuwa theluji, kwetu ilikuwa mvua ya Burnley, isiyo na haya. Tukapita mlango kwa mlango. Beryl anaita, "Queenie! Njoo ndani mpenzi, chai tayari!" Bi. Clegg safari hii alifungua mlango wenyewe. Akaniuliza, "Mnamtafuta nani?" Mimi ni mtu wa kanisa, sisemi uongo. Nikasema, "Queenie Tattersall." Akasema, "Yule wa kwenye televisheni?" Nikasema ndiye. Akamtazama Beryl, akanitazama mimi, akasema, "Ngoja nichukue koti." Harold naye akatoka na tochi. Watu wazima wanne, tumelowa chapachapa, tunamtafuta mtu ambaye hayupo, na aliyefanya tumtafute yuko London anakula chakula cha jioni. Leo Beryl ametaka tutoke tena, na tumetoka. Mmetuaibisha, bwana.

7. Hili la mwisho nalisema waziwazi, maana nikilizungukazunguka litanichoma. Naitwa Cyril. Mke wangu ananiita "bwana", kama anavyomwita mgeni yeyote. Kila asubuhi ananishukuru kwa chai na kuniuliza kama nina safari ndefu ya kurudi kwetu. Jina langu limetoka, la Gaynor limetoka, la mama yake mzazi limetoka. La Queenie Tattersall lipo. Analitamka lote, bila kukwama, mpaka na jina la usichana alilokuwa nalo kabla hajaolewa. Ninamwonea wivu mwanamke asiyekuwepo duniani, na sioni aibu kuandika hivyo.

Kutokana na hoja hizo, ombi langu ni dogo. Gaynor amesoma kwenye gazeti la vipindi kwamba mnapanga kumuua Bi. Queenie sikukuu ya Krismasi, kama ilivyo desturi yenu kwamba asile mtu bata mzinga wake wa sikukuu kwa amani. Naomba msingoje. Muueni mapema iwezekanavyo. Asipewe kitanda na mishumaa wala maneno marefu ya kuaga, afe mchana kweupe, afe kabisa, na mazishi yaonyeshwe mpaka udongo wa mwisho ili Beryl aridhike. Nimelifikiria hili kwa makini. Inaonekana kichwani mwa mke wangu imebaki nafasi ya jina moja tu. La kwenu likitoka, langu litapata pa kukaa.

Wasalimie waandishi wote, mafundi wa taa, na yule anayemwaga theluji ya bandia. Msalimie pia mama anayeigiza Queenie, sina ugomvi naye. Gaynor anawasalimu, Harold anawasalimu, na Bi. Clegg anauliza kama koti lile la kijani la mwenye baa linauzwa wapi.

Ni mimi mtazamaji wenu mtiifu,
Cyril Entwistle

Nyongeza, Ijumaa usiku: Barua hii sikuwahi kuitia posta kwa sababu ya mvua. Leo tumeangalia wote, Bi. Clegg na Harold wakiwa wamekuja na biskuti. Bi. Queenie amepatikana. Mumewe ndiye aliyemkuta chini ya daraja, akamfunika na koti lake, na yeye akamwambia, "Wewe nani?" Beryl alilia kwa furaha. Halafu akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi, akasema, "Mzee mwema sana yule. Huyo mama hamjui, lakini amekuja." Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Na wewe bwana, una mke?" Nikasema ninaye. Akasema, "Basi na wewe usichoke kumtafuta."

Kwa hiyo nawaomba mfute namba moja mpaka saba. Msimguse Queenie. Kama Krismasi lazima afe mtu, muueni yule daktari wa meno wa Mtaa wa Fenner. Hapa nyumbani hakuna anayemjua.