Nyanya za Chini

Aisee, leo nimeumbuliwa mbele ya watoto arobaini na wawili. Niliwahesabu mara mbili, nikiomba mara ya pili wapungue. Hawakupungua.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu Aikande, ambaye tulikua pamoja kule Mwika, shamba lao na letu yametenganishwa na mfereji tu, anataka watoto wa shule yake wafundishwe chakula kama somo la kweli, si kukariri. Akakusanya wataalamu. Afisa lishe aeleze mwili unahitaji nini. Bwana shamba asimamie bustani. Mpishi wa shule apike. Na mimi, muuza nyanya wa mjini Moshi, nifundishe kuchagua sokoni. (Ndiyo, mimi. Mtaalamu. Nilishona hadi kitenge kipya.)

Bwana shamba hakupenda. "Muuza nyanya naye mtaalamu?"

Aikande akamjibu, "Mtoto anaweza kujua vitamini zote, halafu akauziwa nyanya mbovu, somo likaishia jalalani. Huyu namdhamini mimi."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya majaribio. Tukifanya vizuri, mwalimu mkuu analiingiza somo kwenye ratiba, kila Jumatano. Tukiharibu, basi.

Nikapanda hadi shuleni kwake Mwika na ndoo mbili za nyanya. Moja nikampa mpishi, zawadi, aungie mboga ya watoto. Ya pili nikaipanga darasani: mafungu matano, kila fungu nne chini, moja juu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ishirini na tano.

"Una dakika kumi," bwana shamba akaniambia.

"Ishirini."

"Kumi, mama."

"Kumi na tano, na nyanya moja ukaonje nyumbani."

Tukaelewana kumi na tano. (Hapo ndipo nilipopata faida ya mwisho leo.)

Nikaanza kwa madaha. "Wanangu, fungu halitazamwi, fungu linageuzwa! Muuzaji mjanja hulaza upande mbovu chini, shavu zuri analielekeza kwa mteja." Watoto wakaandika. Hata bwana shamba akaandika! Kichwa kikanivimba. Nikaita, "Nani aje kununua?"

Akaja binti mmoja mfupi, Haika, daftari kwapani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu mteja, fungu lipi?"

Akageuza la kwanza. "Hii imeoza, mama."

Nikacheka. "Una bahati mbaya. Jaribu jingine."

La pili. Imeoza. La tatu. Hapo nikaacha kucheka. Jamani, nilikuwa nimepanga huku nawaza hotuba, na mikono yangu ina miaka kumi na saba sokoni. Ilipanga inavyojua!

"Kila fungu lina moja, mama," Haika akasema kwa adabu. "Nimehesabu mara mbili."

Mdomo nao ukajibu wenyewe: "Basi chukua tu, nakuongezea pilipili."

Darasa likalipuka. Mwalimu mkuu, aliyekaa nyuma ya darasa, akajifanya anakohoa.

Afisa lishe, Mungu ambariki, akanifungulia mlango. "Mama aliziweka makusudi, sivyo? Ili tujifunze?"

Nikaupita mlango ule mbio. "Makusudi kabisa! Nani aweke nyanya mbovu kwa bahati mbaya?"

Aikande akashusha pumzi. Akatabasamu. Nilimwona.

Hapo hapo mpishi akaingia na beseni. "Samahani walimu. Mama, zile nyanya za mboga ya watoto, za juu nzuri. Za chini zimeoza. Na hizo nazo ni za kujifunzia?"

Yesu na Maria!

Bwana shamba akafunga daftari lake taratibu. "Kweli ni mtaalamu," akasema. Nilimtazama Aikande, yeye akatazama chaki.

Alinisindikiza hadi getini, ndoo moja kila mtu. Nikamwomba radhi. Akaitua ndoo yake chini.

"Nilikuambia ulete nyanya," akasema. "Sikukuambia ulete soko. Na zile za darasani ningekusamehe palepale, tungecheka. Lakini umewadanganya watoto, na mimi nikatabasamu."

Nikauliza kwa sauti ndogo kama somo limekufa.

"Halijafa. Mwalimu mkuu amesema hajawahi kuona watoto wameelewa kitu haraka hivyo. Jumatano linaendelea."

"Nije saa ngapi?"

"Usije. Kuchagua nyanya atafundisha Haika."

Sasa niko kwenye meza yangu sokoni. Nimezigeuza zote, upande mbovu juu. Mteja wa kwanza kanitazama, akauliza kama naumwa.

Mkitaka kucheka, chekeni. Lakini mkipita Mwika mkamwona Aikande, mwambieni nimezipanga upya. Akikataa kuamini, aje azigeuze.