Skrini Nne Ukutani kwa Bathsheba

Ijumaa, 12 Septemba
Bahati imebisha hodi. Liz, mwenyekiti wa akina mama wachimba dhahabu wa Osiri, amepita hapa kwenye saiba yangu, duka la intaneti. Wanawake ishirini wanataka kujifunza kompyuta, miezi mitatu mizima! Jumanne atakuja kuchagua: mimi, au Levi wa ng'ambo ya barabara. Levi skrini zake amezipandisha juu ya vitabu. Zangu zimekaa juu ya katoni za sabuni. Tofauti haionekani. Nikikosa darasa hili nafunga saiba, narudi Kehancha kukausha tumbaku ya shemeji, na shemeji huamka saa kumi alfajiri akiimba.

Jioni: wazo. Skrini zitoke mezani, ziende ukutani kwa mikono ya chuma. Meza ibaki tupu kama uwanja. Nikajiambia: Orina, wewe si mtu wa kawaida.

Jumamosi, 13 Septemba
Fundi Bonface aliuliza ukuta huu ni wa nini. Nikamjibu ni ukuta. Akasema anauliza kwa sababu akiugonga unaitika. Basi ni plaiwudi, na upande wa pili ni hoteli ya Bathsheba, chai na maharagwe. Lakini nimepiga hesabu zangu. Bathsheba ni Msabato, leo hafungui, yuko kanisani mpaka jioni. Tumetoboa raha mustarehe. Bonface akashauri tusimamishe nguzo kwanza. Nikamwambia nguzo ni za waoga. Skrini nne, usawa mmoja! Nimezitazama mpaka nikasahau kula. Levi amepita mara tatu akijifanya anatafuta mbuzi. Hana mbuzi.

Jumapili, 14 Septemba
Bathsheba amefungua. Bolti kumi na sita zimetokeza kwake, kila moja urefu wa kidole. Nilijikunyata chini ya meza nikingoja matusi. Akaja na chapati mbili. Akanishukuru kwa kumwekea mahali pa kutundikia vyombo, akasema majirani kama mimi wameisha hapa Suna. Nikasema ni mambo ya ujirani tu. Chapati zilikuwa laini mno.

Jumatatu, 15 Septemba
Skrini ya kwanza imeinamisha kichwa. Nikaiinua. Ikainama. Kuchungulia kwa Bathsheba, nikakuta sufuria tano, vikaango, na ndoo ya unga. Ningemwambia ukweli, lakini chapati nimeshakula. Wateja nimewaambia skrini zikiinama ni nzuri kwa shingo. Mmoja ameandika kwenye daftari.

Jumanne, 16 Septemba
Liz amekuja saa nne na wenzake saba. Akapapasa meza, akasema hajaona saiba safi namna hii Migori nzima. Alikuwa ameshatoa kalamu. Naapa, alikuwa ameshatoa kalamu!

Hapo Bathsheba akatundika sufuria yake kubwa ya kupikia harusi. Ukuta ukalia. Ukapinda, kisha ukalala polepole upande wa Bathsheba, juu ya meza za hoteli, na skrini zangu nne zikitazama dari. Hakuna aliyeumia. Bathsheba akauliza kama nimemletea meza mpya. Akina mama wakavuta viti, wakaagiza chai.

Liz alinisemesha kwa upole. Akasema wao shughuli yao ni mashimo, vitu vya kuporomoka wanavyo vya kutosha nyumbani, kompyuta walitaka wajifunzie mahali palipotulia. Levi akaitwa. Wamekubaliana palepale, kikombe kimoja kimewekwa juu ya skrini yangu. Kwa vile ukuta haupo, nimeona yote. Nimelia kidogo.

Jumatano, 17 Septemba
Shemeji amepiga simu, tumbaku iko tayari. Nimemwambia anipe wiki moja. Levi darasa lake linaanza Jumatatu, na akina mama wakiona nilichopanga watavuka barabara wenyewe.

Kosa langu nimelijua: ukuta. Ukuta una majirani. Skrini zitaning'inia kutoka juu! Tatu bado zinawaka, na dari yangu ni mbao nene, ndiyo sakafu ya duka la vitambaa la Mohamednur. Kila Ijumaa saa saba Mohamednur hufunga duka akaenda msikitini. Bonface nimemwambia afike saa saba na robo, na safari hii alete bolti ndefu zaidi.