Masanduku Kumi na Moja, Treni Tisa

Lewis alikuwa akiosha finjani za kahawa katika ofisi ya bosi wake pale Olaya, Riyadh, aliposikia bosi akizozana na dada yake kwenye simu. Kabla finjani ya tatu haijakauka, alikuwa ameshaiona riziki.

Si kwamba alielewa yote. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni: yalla, halas, mafi, pamoja na matusi manane. Lakini alisikia "Munich", akasikia "Geneva", akasikia treni zikitajwa kwa hasira, na hatimaye bosi Talal akaapa kwamba mwaka huu hampangii mtu safari. Maana kila joto la Riyadh lilipopanda mpaka mijusi wakatafuta viatu, dada yake, Madam Hanadi, aliwakusanya mama yao mzee, watoto wanne na masanduku, akakimbilia milima ya Ulaya. Na kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja aliyesahaulika stesheni.

"Bosi," Lewis akaingia na sinia kana kwamba ameitwa, "hiyo maneno ya treni za Ulaya niachie mimi."

"Wewe wa chai?"

"Chai ni kazi, bosi. Treni ni kipaji."

Hapa tuseme ukweli, maana hadithi isiyo na ukweli hata chembe ni kampeni. Lewis alikuwa amepanda treni mara moja tu maishani, Nairobi kwenda Mombasa. Akalala kabla ya Athi River na kuamshwa na mfagiaji. Ila jioni, akishavua fulana ya ofisi, aligeuka mtu mwingine. Aliitwa Profesa. Alikuwa na kikundi cha WhatsApp chenye watu wa kwetu wapatao mia mbili, kuanzia madereva wa Al-Suwaidi hadi wahasibu wa Olaya, na humo aliuza milango.

Mlango ni anwani ya tovuti, basi. Kulikuwa na mlango wa kuangalia ikama yako, kile kibali cha kuishi, inaisha lini, mlango wa njia za basi, mlango wa kutafsiri barua ya kafili, yaani mwajiri wako, kwa kuipiga picha, na mlango wa ratiba za treni za Ulaya nzima, kwa wale wanaosafirishwa na mabosi wao wakati wa joto. Kila mmoja riyali kumi. Na kila mmoja ulikuwa bure mtandaoni, umekaa wazi, haumdai mtu hata salamu. Mhasibu mmoja aitwaye Gilbert alipogundua hilo alimpigia kulalamika.

"Gilbert, ndugu yangu," Lewis alimjibu, "mimi siuzi mlango. Nauza kujua mlango uko wapi."

Gilbert, mtu wa digrii mbili, akaona hayo ni maneno mazito, akanunua na mlango wa pili. Ukiona msomi analiwa hivyo usicheke sana. Wewe pia una lako.

Basi bosi akamtuma Lewis kwa dada yake. Alifika amevaa suti ya kuazima, na kompyuta mpakato ambayo betri yake ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Akaichomeka ukutani, akamwonyesha Madam Hanadi treni ya haraka kutoka Munich kwenda Geneva: madirisha makubwa, viti vya kulalia, kubadilisha mara moja tu. Madam akapenda, akatoa pesa za watu saba, yaani yeye, mama yake, watoto wanne na mtumishi mmoja. Lewis akasema ahsante kwa lugha tatu.

Halafu akaenda zake akanunua tikiti za treni za vijijini.

Mnazijua zile? Zinasimama kila penye benchi na mbwa. Bei yake ni ya karanga, lakini kutoka Munich mpaka Geneva unapanda hii, unashuka, unakimbilia ile, unashuka, mpaka unafikisha treni tisa. Na tikiti zenyewe hazirudishwi wala hazibadilishwi. Chenji iliyobaki Lewis aliituma usiku huohuo kwa fundi wa Joska, nje ya Nairobi, aliyekuwa akimjengea ukuta kwenye ploti yake. Ukuta ukapanda kwa fahari sana.

Sasa, aliyemletea Lewis chai siku ile alikuwa Winfred, mama wa Kitui, mwaka wa nne nyumbani kwa Madam Hanadi bila kwenda kwao. Likizo yake ilikuwa ikiahirishwa kila mwaka kwa neno lilelile: "Baada ya Ulaya, Winfred. Nani atashika masanduku?" Mwaka huu neno hilo lilimchoma mpaka mfupani. Jumamosi ya pili ya Julai wakwe walikuwa wanaleta mbuzi watatu wa ntheo wa binti yake Terry, na kwa Wakamba, kabla mbuzi hao hawajaingia bomani, binti hajaolewa hata kama ana watoto sita. Mbuzi waje mama hayupo? Winfred alikuwa amelia juu ya pasi, akaunguza shela ya madam, akalia tena kwa sababu ya shela.

Na Ulaya yenyewe alikuwa ameiona mara mbili. Aliiona kutoka upande wa mizigo: ngazi, behewa, ngazi, behewa, mkono wa sanduku ukikatika, madam akisema yalla. Watu humuuliza milima ilikuwaje. Hajui. Anajua magurudumu.

Kwa hiyo Lewis alipomtumia ratiba kwenye simu, Winfred hakuifurahia tu kama madam. Alifungua ule mlango wa treni aliouziwa na Lewis mwenyewe kwa riyali kumi, akaingiza namba za treni moja baada ya nyingine, akahesabu kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja havikutosha. Akampigia.

"Profesa, hii treni yetu ni ya namna gani?"

"Ekspresi, Mama Terry. Inapaa!"

"Mbona zimekuwa tisa?"

Lewis akainuka, akatoka nje na simu.

"Mama Terry," Lewis akasema kwa sauti ya kanisani, "wewe ni mtu mzima. Tuongee kiutu uzima. Nikutolee kitu kidogo?"

"Unitolee nini? Kuna mahali tunabadilisha kwa dakika nne. Dakika nne, Lewis! Na Sitti, mama yao mzee, wa kiti cha magurudumu!"

"Si utajaribu tu, mathe? Wewe una uzoefu."

Winfred akakata simu, akakaa juu ya ndoo. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba masikio yalimuwasha. Lakini hasira haikumpofusha. Akisema, Lewis atarudishwa Nairobi kwa ndege ya kwanza, madam atanunua tikiti za haraka, na nani atashika masanduku? Yeye yule. Ukweli ungemfikisha Geneva vizuri zaidi, na Kitui usingemfikisha.

Ndipo alipokumbuka sheria. Wanawake wa kazi za ndani Uarabuni wana sheria moja ambayo mgeni hufundishwa kabla hajafungua begi lake: mbele ya jamaa za madam, wewe hujui kitu. Ukionyesha unajua kusuka, utasuka vichwa vya ukoo mzima. Ukikanda sambusa nzuri mbele ya shangazi, Ramadhani utaazimwa kwa shangazi kama ngazi ya jirani, na hakuna atakayekuuliza unaonaje. Bosi kwa bosi, simu moja, halas, imekwisha. Winfred mwenyewe anaimba vizuri mno, na miaka yote minne hakuna aliyewahi kumsikia hata akipiga mluzi.

Lakini Lewis alikuwa mtu wa ofisini. Sheria ile hakuna aliyemfundisha, na kwa ulimi aliokuwa nao angeivunja kabla ya kuvuka kizingiti. Winfred akampigia tena.

"Samahani kwa ukali wangu, kaka. Nimefikiria. Ijumaa tunakwenda Jeddah kwa Sitti, ukoo wote utakuwepo. Madada, mabinamu, mashangazi. Wote wanakwenda Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyekata tikiti."

"Wangapi?"

"Familia nne."

Lewis akaona kuta nne. Akaona geti. Akaona hata kibao kwenye geti. "Mama Terry," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa dhati, "Mungu akuzidishie."

"Amina," alijibu Winfred. Alimaanisha.

Ijumaa hiyo sebule ya Sitti mjini Jeddah ilijaa mpaka watoto wakakaliwa. Sitti alikuwa bibi mdogo wa mwili, mwenye bakora kubwa na sauti iliyoizidi bakora. Bosi Talal, mwanawe, alikaa kulia kwake. Lewis akasimama mbele ya televisheni, suti imepigwa pasi mpaka inakata, akaanza kwa Kiingereza huku Madam Hanadi akimtafsiria mama yake.

Jamani, tumpe haki yake: alihubiri. Alitaja stesheni ambazo midomo ya watu haijawahi kuzitamka. Akaonyesha mlango wa hali ya hewa, mlango wa kubadilisha fedha, mlango wa kujua kibla uwapo ndani ya behewa, mpaka mashangazi wakasema mashallah kwa pamoja. Winfred alikuwa akizunguka na dele la kahawa, macho chini, adabu tupu.

"Profesa," aliuliza kwa upole, kwa Kiingereza hichohicho, "na masanduku je? Mwaka huu ni kumi na moja."

Mwenye akili angekohoa. Lewis alicheka. "Mama, kumi na moja ni nini? Kuna ufundi wake! Mimi hayo nayapandisha kwa dakika mbili, na jasho halinitoki."

"Na Sitti? Miguu yake inamsumbua."

"Sitti? Sitti nambeba kama yai! Nilishamhudumia bibi wa waziri mmoja, alilia siku ya kuagana!"

Madam Hanadi akatafsiri, la waziri asiliache. Sitti akatikisa finjani yake, ishara kwamba ametosheka, akageukia kulia.

"Talal. Huyu ni wako?"

"Ni wangu, mama. Wa chai."

"Mwezi huu ni wangu."

"Mchukue."

"Halas."

Lewis alidaka lile neno la mwisho tu. Akamnong'oneza Winfred: "Wamekubali?"

"Wamekubali, Profesa. Unakwenda Ulaya. Unamshika Sitti na masanduku."

Furaha ilimpanda Lewis usoni. Ulaya! Yeye! Alifungua mikono amshukuru Mungu, na mikono ikiwa ingali hewani akakumbuka ni nani aliyekata zile tikiti. Ikashuka polepole.

"Bosi," alisema kwa sauti nyembamba, "na chai ya ofisi?"

"Tutachemsha wenyewe," alisema bosi Talal. "Nilikuwa sijui nimekaa na hazina."

"Sitti," Winfred akauliza, akimimina, "sasa tukienda wawili, kiti cha pili kinalipiwa na nani?"

Sitti ni bahili wa kuzima hata taa ya jokofu. "Wawili wa nini? Mmoja! Hanadi, huyu mama ana miaka mingapi hajaona kwao?"

Madam Hanadi akafungua mdomo, akaiona bakora, akaufunga. Jioni hiyohiyo alishika simu akampa Winfred viza ya kutoka na kurudi, mwezi mzima, huku akinuna.

Lewis alimfuata jikoni. "Mama Terry, umenimaliza!"

"Mimi? Nimeuliza mizigo tu."

"Nikiwaambia ukweli je?"

"Waambie. Chenji uliipeleka wapi?"

Lewis akauona ukuta wa Joska, jiwe kwa jiwe. Akachukua tende moja kwenye sinia, akaila kwa huzuni, akatoka.

Viza ya Lewis ya Ulaya ilitoka haraka kuliko alivyoomba Mungu ichelewe.

Jumamosi ya pili ya Julai, Winfred alikuwa nyumbani kwake Kitui amevaa kitenge kipya, wanawake wakipiga vigelegele getini, simu ilipolia. Picha ikafunguka: Lewis, tai begani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, na nyuma yake mlima mzuri ajabu ambao hakuwa na nafasi ya kuutazama.

"Mama Terry! Hii ni treni ya sita! Lifti ni mbovu! Nina dakika nne, masanduku yako huku, Sitti yuko kule juu ananipigia bakora reli ya ngazi! Sijui nianze na nini!"

Nyuma yake sauti ya Sitti ilipasua anga: "Yalla!"

Winfred alimtazama. Alitaka kucheka, na kidogo alicheka, lakini alizijua zile dakika nne. Magoti yake yalizijua.

"Anza na Sitti," alisema. "Mpandishe kwanza, umpe dirisha. Kisha watoto. Masanduku mwisho, na likibaki moja liache. Sanduku halilii."

"Na madam akiuliza?"

"Mwambie ni ufundi."

Picha ikayumba, ikaonyesha viatu, ngazi, gurudumu moja likishuka peke yake, ikakatika. Pale nje wakwe walikuwa wamefika, na mbuzi mmoja alikuwa amegoma getini. Winfred akaifunga simu kwenye ncha ya leso. Terry alikuwa akimwita mama, mara ya tatu sasa, na machozi yalikuwa yamekwisha kumfika Winfred kabla hajafika getini. Akamshika yule mbuzi pembe kwa mkono wake mwenyewe, akamwingiza.