Chupa ya Atomu za Akiba

Mwenyezi Mungu alimpa Sukari ulimi mzuri, naye akaufanya mundu wa kuvunia mashamba ya wenzake. Siku aliyokwenda kufunga mapazia kwenye maabara ya chuo, alimsikia mtaalamu akilalamika. Kompyuta yao ya aina mpya hushika atomu kwa mwanga, kila moja kwenye kiti chake, lakini hazitulii. Moja ikichoropoka, hesabu yote inavurugika. Dawa waliyoipata ni kuweka atomu za akiba pembeni: kiti kikiwa wazi, ya akiba inasogezwa pale, kazi haisimami.

Sukari alishuka ngazi akitabasamu. Alikuwa amechoka kutembea kwa miguu. Alitaka pikipiki, na tamaa ya fundi mwenye gereji aliijua vizuri.

"Shemeji, funga mlango," alimwambia, akiweka mezani chupa iliyozibwa kwa nta. "Atomu za akiba hizi."

"Mbona sioni kitu?"

"Ungeziona zingekuwa maharage! Wataalamu wanazililia. Watakufuata wenyewe, utaje bei utakayo."

"Na zikitoroka?"

"Usiizibue tu. Hata kuitikisa, shemeji, usithubutu."

Fundi aliinyanyua kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. "Pesa sina. Chukua pikipiki ile nyekundu."

"Kwa kuwa ni wewe," Sukari akaguna, kana kwamba anadhulumiwa.

Akaondoka kwa mbwembwe, akiwapigia honi hata kuku. Penye kona, polisi mmoja mwenye kitambi alimrukia mbele.

"Shuka! Pikipiki yangu hiyo! Niliipeleka gereji ibadilishwe breki!"

"Afande, nimebadilishana na fundi. Nimempa atomu."

"Umempa nini?"

Alimburuta hadi gereji. Fundi akainua mikono mbinguni. "Alhamdulillahi! Nimegeuka kuchukua spana, mara pikipiki haipo!"

"Muulize chupa iko wapi!" Sukari akafoka.

"Chupa gani tena, afande?"

Hapo Sukari akaona heri wakose wote. "Shemeji, nakuapia, ile chupa ni tupu! Haina kitu! Izibue uone!"

Tangu aote meno hakuwahi kusema kweli namna ile. Fundi alimsogelea sikioni.

"Unataka niizibue zitoroke, eeh? Mjanja wewe!"

Sukari akaenda zake mahabusu, kwa miguu. Fundi naye, nasikia, ameshajishonea suti ya kuwapokelea wataalamu.